Mwalimu Mbuvi na Vilima vya Chaki vya Toongabbie

Wewe uliyeketi hapo, mara ya mwisho kutembea kwa miguu bila kufukuzwa na mtu, mbwa wala saa ilikuwa lini? Usimtazame jirani yako. Marehemu Mwalimu Jotham Mbuvi aliwauliza watu swali hilo kanisani, kwenye foleni ya benki, na siku moja ndani ya lifti iliyokwama, na hakuna aliyewahi kumjibu bila kumung'unya maneno. Leo hawezi kutukatiza, basi kila mmoja na ajijibu kimoyomoyo.

Mwalimu Mbuvi alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kilungu, Ukambani, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kilonzo na mkewe Ndunge. Mama yake alikuwa akienda zahanati ya misheni kwa miguu, na mtoto hakuwa na subira. Alizaliwa kando ya njia, chini kidogo ya kona ya pili, na hadi uzeeni alijivuna kwamba alianza safari kabla ya kuanza maisha.

Alisoma shule ya msingi ya misheni tangu 1956 hadi 1963. Shule ilikuwa kilomita tano kutoka nyumbani. Hiyo ni kwa mujibu wa dada zake. Kwa mujibu wake mwenyewe, umbali ulikuwa kilomita nane alipowasimulia watoto wake, na kufikia mwaka 2016, alipomsimulia mjukuu wake Wilkister, shule ilikuwa imehamia kilomita kumi na tisa na mto katikati. Alimaliza sekondari mwaka 1967, akajiunga na chuo cha ualimu Machakos, akahitimu Desemba 1969.

Alifundisha kuanzia Januari 1970 hadi alipostaafu Desemba 2003, katika shule tano za Ukambani, hesabu na jiografia. Wanafunzi wake wengi wanamkumbuka kwa ubahili wa chaki. Kila mwalimu alipewa vipande viwili kwa wiki, navyo vilitoka kwenye kabati ambalo ufunguo wake mwalimu mkuu alilala nao. Mbuvi alijifunza kuandika na kipande kilichobaki saizi ya punje ya hindi, akikibana kwa kucha, na kabla hajaandika sentensi aliitafakari kwanza kama mtu anayeandika wosia. Vumbi lilimkaa nywelini hata wazazi wakadhani amepata mvi akiwa na miaka ishirini na sita.

Vumbi hilo hilo ndilo lililomletea mke. Mwaka 1978 zahanati ya kata ilipata muuguzi mpya kutoka Meru, aitwaye Kawira, na mara Mwalimu akashikwa na kikohozi. Kikohozi hicho kilidumu miezi minane. Kilizidi kila Ijumaa, siku ambayo zahanati haikuwa na foleni. Hatimaye Kawira akaweka chini kile chombo cha kusikilizia kifua, akamwambia, "Mwalimu, wewe huumwi. Una chaki kifuani na una neno mdomoni. Chaki sina dawa yake. Neno lenyewe litoe, kuna watu wanangoja." Alilitoa. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gakii na Mutua.

Mwaka 2009 Mwalimu na mkewe walimfuata binti yao Gakii, ambaye ni muuguzi, wakaishi naye hapa Toongabbie, Sydney. Na hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo watu huliogopa hata makaburini. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne aliambiwa kwamba vyeti vyake havitambuliki. Akapelekwa darasani akiwa na miaka sitini na miwili kufundishwa kuosha mikono, na kijana wa miaka ishirini na tatu. Wengi wetu tuliobeba digrii zetu ndani ya sutikesi tunaijua aibu hiyo. Mwalimu hakuona aibu. Alikaa dawati la mbele, akanyoosha kidole, akamsahihishia kijana yule tahajia ubaoni. Alipata cheti, na tangu 2010 hadi 2015 aliwahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Rooty Hill.

Huko ndiko kulikokuwa na bibi mmoja Mwingereza wa miaka tisini na moja, ambaye macho yalikuwa yamefifia. Kila siku baada ya chai Mwalimu alimsomea kijitabu chembamba cha matembezi mepesi ya mashambani, huko alikozaliwa, kusini mwa Uingereza. Kilieleza njia ishirini, za kupita kwenye vilima vya chaki na misitu ya kale. Siku ya kwanza Mwalimu alifika kwenye neno hilo akasita.

"Chaki, bibi? Hii ya kuandikia?"

"Hiyo hiyo, mwanangu. Kilima kizima, cheupe kama maziwa. Inakuchafua viatu mpaka ukome."

Jioni hiyo alirudi nyumbani akakataa chakula. "Kawira," alisema, "mimi nimeomba kipande cha chaki kwa mwalimu mkuu kama mtu anayeomba figo. Miaka thelathini na minne! Kumbe kuna watu wanakanyaga mlima mzima, halafu wanalalamika kwamba viatu vimechafuka!"

Bibi yule alifariki mwaka 2012, akamwachia kijitabu. Mwalimu aliapa kwamba atazimaliza njia zote ishirini. Alipoelezwa kwamba njia hizo ziko Uingereza na yeye yuko Sydney, alijibu kwamba kilima ni kilima. Februari 2013 alianzisha kikundi cha kutembea kila Jumamosi saa mbili asubuhi, kikikutana nje ya stesheni ya Toongabbie. Tangazo la kwanza kanisani lilisema "Matembezi Rahisi," na Mkenya mmoja alifika akiuliza ni rahisi kuliko yapi, na kama chakula kimo. Tangazo la pili likasema "Matembezi Mepesi."

Walioanza naye hawatasahau. Mwalimu alikifuata kijitabu neno kwa neno. Kikisema kata kushoto baada ya kanisa, alikata kushoto baada ya kanisa, kanisa lolote. Kikisema panda ngazi uvuke uzio wa shamba, alitafuta uzio. Ndivyo watu kumi na wanne, pamoja na mchungaji mstaafu, walivyojikuta Jumamosi moja ndani ya ua wa mtu, katikati ya nguo zilizoanikwa. Mwenye nyumba akatoka na kikombe mkononi, akawatazama, akasema kile wanachosema watu wa hapa wanapotaka kujua una shida gani: "You right, mate?"

Mwalimu alivua kofia. "Yes, I am right," alijibu. "And you, are you also right?"

Mzungu yule alifikiri. Akasema kwamba kwa kweli, mwaka huu haukuwa mzuri sana, mke wake amemwacha. Waliondoka pale baada ya saa moja na nusu, wameshaomba naye, na wamebeba malimau.

Mawe nayo hayakupata amani. Mwalimu alibeba mkobani ubao mdogo aliopaka rangi nyeusi, na kila jiwe jeupe njiani alilijaribu kwa kuandika tarehe. Wilkister alimwambia mara nyingi, "Babu, it's sandstone. It's all sandstone." Alimjibu kwamba hata Kilungu waliwahi kuambiwa hakuna maji, na walichimba wakayapata. Chaki hakuipata. Aliambulia jiwe la mchanga tu miaka minne mfululizo, na kila Jumamosi alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeikosa kidogo tu.

Sasa tufike kwa Masumbuko, ambaye yuko hapa leo, na ameruhusu haya yasomwe kwa sharti ambalo mtalisikia.

Masumbuko alitoka Masisi, Kongo, mwaka 1996, akatembea siku arobaini na moja msituni na mkewe Bibiane hadi wakavukia Uganda. Walioingia naye msituni hawakutoka wote. Walifika Sydney mwaka 2011, wakapata nyumba Pendle Hill, na siku aliponunua gari Masumbuko aliapa kwamba miguu yake imestaafu. Alienda nalo dukani, na duka liko ng'ambo ya barabara. Aliendesha hadi mwisho wa mtaa kutupa barua kwenye sanduku la posta. Ghalani alikofanya kazi aliegesha karibu na mlango kiasi kwamba meneja alimwuliza kama anataka kuingiza na godoro.

Machi 2015 daktari alimwambia ana kisukari, na kwamba vidole vya mguu wa kushoto vimeanza kufa ganzi. Asipotembea nusu saa kila siku, vitakatwa, na baada ya vidole wataanza kuutazama mguu. Bibiane alimjia Kawira akilia. "Mama Gakii, alitoka mule pori na miguu yote mbili. Sasa atapoteza moja juu ya kiti ya gari?"

Mwalimu alijaribu kwanza njia iliyonyooka. Alimshawishi Masumbuko aje Jumamosi, naye akaja, kwa gari, akilifuata kundi polepole kama polisi. Walipofika kwenye miti iliyo kando ya kijito, alishuka, akautazama msitu, akarudi ndani ya gari, akafunga milango yote, akateremsha kioo vidole viwili.

"Masumbuko, bwana, ni matembezi mepesi," Mwalimu alimbembeleza. "Kijitabu chenyewe kinasema."

"Munaenda wapi?"

"Tunaingia hapa, tunazunguka, tunatokea hapa hapa."

"Munatokea hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Basi miye niko hapa tayari. Nimewashinda." Akapandisha kioo.

Mwalimu alicheka njia nzima, kisha akaacha kucheka, maana alikumbuka jinsi mwenzake alivyoutazama ule msitu kabla ya kufunga milango. Hakumwambia tena neno "kutembea" maisha yake yote. Badala yake alimwalika chai.

Kila Jumapili alasiri Bibiane alimshusha Masumbuko kwa Mwalimu, akaondoka na gari kwenda mazoezi ya kwaya. Kwaya hiyo haikuwepo. Chai ilipoisha, Mwalimu alichukua kofia. "Ngoja nikusindikize hadi kona." Sasa nani kati yetu anaweza kukataa kusindikizwa? Mgeni akitoka peke yake, mwenyeji ameaibika. Kwa hiyo walifika konani, na maneno yalikuwa hayajaisha, wakafika kwenye daraja, wakafika nusu ya njia ya Pendle Hill. Hapo Mwalimu alisema haya, kwaheri. Masumbuko alimtazama mzee wa miaka sitini na saba, peke yake barabarani. "Hapana, Mwalimu. Siwezi kukuacha hivi. Nakurudisha." Akamrudisha hadi mlangoni. Na je, Mwalimu amwache mgeni aliyemrudisha arudi peke yake?

Kawira alipiga simu Pendle Hill. "Bibiane, mumeo yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Sijui. Nimemwona akipita hapa mara mbili, kila mara anaelekea upande mwingine."

Hayo yaliendelea kila Jumapili, kisha na Jumatano, na baada ya Mwalimu kuacha kazi, karibu kila siku. Mahali njia fupi ilipopita kwenye miti, Masumbuko alizunguka kwa barabara kubwa, na Mwalimu alizunguka naye bila kuuliza. Novemba sukari ikashuka. Daktari akamwita, na kwa kuwa Masumbuko hana Kiingereza cha hospitali, Anicet alitafsiri kwa simu. Bibiane alikuwepo, na ndiye shahidi.

"Unatembea?" aliuliza daktari.

"Hata," alisema Masumbuko. "Miye sitembei. Miye nasindikiza."

Anicet, ambaye ni mkalimani mwenye cheti, alitafuta neno la Kiingereza, akalikosa. "Daktari, anasema hatembei. Anafuatana na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu anayefuatana naye."

"Wanakwenda wapi?"

Anicet akauliza. "Nyumbani," akajibu Masumbuko.

"Nyumbani kwa nani?"

"Iyo inategemea."

Daktari aliandika kwamba vidonge vinafanya kazi vizuri. Na hilo ndilo sharti la Masumbuko la kuruhusu haya yasomwe: isemwe wazi mbele ya watu na mbele ya jeneza kwamba katika miaka miwili na miezi mitano ile hakutembea hata siku moja.

Mwishoni mwa 2016 Mwalimu alianza kukosa pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka, jambo ambalo hatukuhitaji kipimo kulijua. Kusindikizana kulifupika hadi darajani, kisha hadi konani, kisha hadi langoni, ambapo wazee wawili walisimama wakiagana dakika arobaini. Alilazwa hospitali tarehe 28 Agosti 2017. Alikataa kiti cha magurudumu, akamfundisha msichana wa mazoezi ya viungo kuhesabu hatua kwa Kikamba, na akampa alama saba juu ya kumi.

Kilichomnyima usingizi si kifo. Alimwambia Kawira waziwazi: akiondoka yeye, Masumbuko atamsindikiza nani? Atarudi garini, na mguu utaondoka. Jumatano ya mwisho alimwuliza mwenyewe, na Gakii alikuwa pale akiyasikia.

"Masumbuko, nataka kuungama. Ile chai ilikuwa ujanja."

"Mwalimu, miye nilijua kitambo. Hakuna mutu anasindikizwa mara tano kwa siku moja. Hata gavana."

"Mbona hukusema?"

"Wee ulikuwa unafurahi sana."

Mwalimu alicheka hadi mashine ikalia na muuguzi akaja mbio. Ilipotulia, akauliza, "Sasa nikienda, utatembea?"

"Sitembei."

"Basi utafanyaje?"

Masumbuko alikunja na kukunjua ukingo wa shuka. "Basi usiende," alisema.

Mwalimu Jotham Mbuvi alifariki Ijumaa, tarehe 15 Septemba 2017, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mkewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, Kawira, watoto, Gakii wa hapa Sydney na Mutua wa Machakos, mjukuu, Wilkister, dada watatu walioko Kilungu, ambao wameomba tusahihishe habari ya zile kilomita, mpwa wake Maxwell Wainaina, aliyeandika wasifu huu, na kikundi cha watembeaji arobaini na wawili. Ameacha pia njia sita za kijitabu ambazo hazijatembewa. Enyi mnaotoka gereji kuingia gereji, mnaokimbia juu ya mashine mkitazama ukuta, mnaoona haya watu wakiwakuta barabarani bila gari kana kwamba miguu ni umaskini: zinawangoja. Mungu ampe Mwalimu mahali pa kuketi, na akikataa kuketi, ampe mahali papana.

Limebaki jambo moja, nalo lilitokea asubuhi iliyofuata kifo chake, Jumamosi, mbele ya macho ya huyu Maxwell.

Ilikuwa kabla ya saa moja. Bibiane alikuwa amekuja na gari tangu alfajiri kumsaidia Kawira kupokea watu, akiwa amemwacha mumewe amelala, kwa kuwa alitoka zamu ya ghalani na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha na habari ile. Maxwell alikuwa langoni akipanga viti. Kutoka pale lango linatazamana na ile miti ya kando ya kijito, ng'ambo ya uwanja wa nyasi.

Mtu akatoka kwenye miti. Hakutoka kwenye kijia. Alipasua vichaka, amevaa suruali ya kazini na shati la kulalia, amelowa umande hadi magotini, na miiba imemganda nguo nzima. Alikata uwanja moja kwa moja bila kutazama kushoto wala kulia, akavuka barabara, dereva akampigia honi, hakusikia. Alipofika langoni ndipo Maxwell alipotambua kuwa ni Masumbuko. Mtu alikuwa amempigia simu kumpa habari.

Bibiane alitoka mbio, akamshika mabega. "Papa wa watoto, umepita wapi?"

"Kule." Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Iyo barabara ni mbali sana. Nimekata."

"Ulikuwa na nani?"

"Niko..." Aligeuka. Aliutazama uwanja, akaitazama miti, akatazama alama za viatu vyake kwenye nyasi zenye umande, mstari mmoja, kutoka kule hadi pale aliposimama. Kawira alikuwa ametokea mlangoni.

Masumbuko akaketi kwenye ukingo wa barabara. Akavua kiatu cha kushoto, akakung'uta mchanga na majani, akavua na soksi. Akavihesabu vidole vyake kwa sauti, kimoja kimoja, akivigusa kama mtu anayehesabu watoto waliorudi nyumbani. Vilikuwa vitano. Kisha akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.